Ngeli ya Roboti: Asili na Matumizi ya Maneno ya Kubuni katika Fasihi ya Kisayansi

Maneno ya kubuni ni miongoni mwa mambo ya kwanza yanayomkabili msomaji wa hadithi za kisayansi. Kabla hajajua mhusika ni nani na anakabiliwa na tatizo gani, msomaji huyo hukutana na jina la chombo asichopata kukiona, la kiumbe asichokijua, au la dawa isiyouzwa katika duka lolote. Wahakiki wengi wameyapitia maneno haya kwa haraka, kana kwamba ni mapambo ya fani tu, mfano wa rangi anayojipaka mwigizaji kabla ya kuingia jukwaani. Wengine wameyahesabu kuwa ni ubashiri, wakampongeza mtunzi kila neno lake linapokuja kutumiwa na wahandisi.

Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Yanadai kwamba neno la kubuni ni hukumu: anayekipa kitu jina amekwisha kuamua kitu hicho kina nafasi gani mbele ya binadamu. Dai hili linachunguzwa hapa kwa njia ya neno moja mashuhuri, yaani roboti. Neno hili lilisafiri kutoka Kicheki hadi Kiingereza, na kutoka Kiingereza likaenea hadi lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwa mojawapo. Katika safari hiyo lilipoteza jambo muhimu ambalo Kiswahili, kwa mfumo wake wa ngeli, kina uwezo wa kulirudisha.

CHIMBUKO LA MANENO YA KUBUNI

Watunzi wa fasihi ya kisayansi huchota maneno yao katika visima vitatu. Kisima cha kwanza ni lugha yao wenyewe, pamoja na lugha za kale ambazo elimu imezizoea, yaani Kilatini na Kigiriki. H.G. Wells, katika riwaya yake The First Men in the Moon ya mwaka 1901, anasimulia habari za Bwana Cavor aliyetengeneza kitu kinachozuia nguvu za uvutano. Kitu hicho kinaitwa cavorite. Mwisho wa neno hilo ni ule ule unaotumika katika Kiingereza kuyataja madini mengi, na kwa hiyo msomaji hulikubali neno kabla hajauliza kama jambo lenyewe linawezekana. Jack Williamson, mwaka 1942, aliunda neno terraforming kwa kuchukua neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, akapata jina la kazi ya kuigeuza sayari kame iweze kukaliwa na watu. Ursula K. Le Guin, katika Rocannon's World ya mwaka 1966, alikiita ansible chombo kinachopeleka habari papo hapo kutoka nyota moja hadi nyingine, na baadaye akaeleza kuwa jina hilo alilipata kwa kulifupisha neno la Kiingereza linalohusu kujibu na kujibiwa. William Gibson naye, katika hadithi fupi aliyoitoa mwaka 1982, alitumia neno cyberspace, ambalo sehemu yake ya kwanza inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nahodha au mshika usukani.

Kisima cha pili ni sauti tupu. Hapa mtunzi huunganisha herufi zisizo na ukoo wowote, akaiachia hadithi kazi ya kuzijaza maana. Robert Heinlein alifanya hivyo mwaka 1961 katika Stranger in a Strange Land. Neno lake grok linasemwa kuwa ni la lugha ya wenyeji wa sayari ya Mirihi. Maana yake ya msingi ni kunywa, na maana yake pana ni kulielewa jambo hata likawa sehemu ya nafsi ya anayelielewa. Karibu miaka mia moja kabla yake, Edward Bulwer-Lytton alibuni neno vril, jina la nguvu ya ajabu iliyomilikiwa na watu waishio chini ya ardhi katika riwaya yake ya mwaka 1871. Riwaya hiyo haisomwi sana siku hizi, lakini neno lake lilipata maisha mengine: liliunganishwa na neno la Kilatini la ng'ombe, likazaa Bovril, jina la kiungo cha nyama kijulikanacho jikoni kwa watu wengi wasiopata kulisikia jina la mtunzi.

Kisima cha tatu ni lugha za watu wengine. Mtunzi hutwaa neno lililo hai kinywani mwa jamii fulani, hulibadili kidogo au huliacha lilivyo, kisha hulitia kinywani mwa kiumbe wa mbali. Njia hii ndiyo inayoleta mashaka makubwa zaidi, na yafaa ichunguzwe peke yake.

UGENI NI WA NANI?

Darko Suvin, katika kitabu chake Metamorphoses of Science Fiction cha mwaka 1979, alieleza kuwa fasihi ya kisayansi hujengwa juu ya jambo jipya moja linaloutenga ulimwengu wa hadithi na ulimwengu wa msomaji, na kwamba utengano huo ndio unaomwezesha msomaji kuyatazama upya mambo aliyoyazoea. Maelezo haya yana nguvu, lakini yanaacha swali moja wazi. Jambo likiwa geni, ni geni kwa nani?

Swali hilo hujitokeza mara tu msomaji wa Kiswahili anapoifungua Dune, riwaya ya Frank Herbert iliyotoka mwaka 1965. Herbert aliwapa wakazi wa jangwa la sayari yake maneno mengi ya asili ya Kiarabu. Yumo Mahdi, imo jihadi, yumo Shetani, na yupo mtabiriwa anayeitwa Lisan al-Gaib. Kwa msomaji wa Marekani maneno haya yalivuma kama upepo wa mchanga kutoka mahali asipopajua. Kwa msomaji wa Lamu au Mombasa, lisani ni neno alilokwisha kulikuta katika tenzi, na ghaibu amelisikia tangu utotoni katika mazungumzo ya wazee wake. Mahali ambapo mtunzi alikusudia msomaji apotee njia, msomaji huyu anajikuta kwenye baraza ya nyumbani kwao. Hapana budi riwaya imbadilikie: mambo aliyokusudiwa kuyaona kuwa ya ajabu yanakuwa ya kawaida, na anaanza kuuliza kwa nini dini na lugha ya majirani zake ndiyo iliyochaguliwa kuwa alama ya umbali.

Mifano mingine miwili ipo karibu zaidi. Mwaka 1966 mfululizo wa televisheni wa Star Trek ulianza kuonyeshwa Marekani, ukiwa na afisa mwanamke aitwaye Uhura. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba siku ya majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962 na kuhusu Kenya, na kwamba jina la mhusika lilitokana na neno hilo. Irabu ya mwisho ikabadilishwa ili jina lilainike. Kwa mabadiliko hayo neno ambalo watu walilifia likawa jina zuri lisilo na maana katika lugha lilimotoka. Hata hivyo haifai kudharau heshima aliyopewa mhusika huyo, kwani wakati ule ilikuwa nadra mwanamke mweusi kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani akiwa afisa. Katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, mhusika mmoja asiye binadamu anaendesha chombo cha angani huku akizungumza maneno ya Kikuyu yaliyotiwa sauti na mwanafunzi Mkenya. Watazamaji wa nchi nyingi walidhani wanasikia lugha ya kubuni. Watazamaji wa Kenya waliyaelewa maneno, wakacheka mahali ambapo wenzao walistaajabu.

Mifano hii inafundisha jambo moja. Neno la kubuni hupimwa kwa masikio ya wale ambao mtunzi aliwafikiria alipokuwa akiandika. Anayelitwaa neno la jamii nyingine ili litoe sauti ya ugeni amekwisha kuamua kwamba jamii hiyo haimo miongoni mwa wasomaji wake. Hiyo ndiyo hukumu iliyotajwa mwanzoni mwa makala haya, na hutolewa kabla hadithi haijaanza.

ROBOTA: KAZI YA KULAZIMISHWA

Kinyume cha hayo ni neno lililochimbwa katika ardhi ya nyumbani. Tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R. ilichapishwa Prague mwaka 1920, na mwezi wa Januari mwaka 1921 ikaigizwa katika Jumba la Taifa la Maigizo la mji huo. Inahusu kiwanda kilichopo kisiwani ambacho hutengeneza wafanyakazi wa bandia na kuwauza dunia nzima. Wafanyakazi hao, kinyume na picha iliyoenezwa baadaye na sinema, si vyuma vyenye taa machoni. Wameumbwa kwa kitu kinachofanana na nyama, na kwa sura hawatofautiki na watu.

Čapek mwenyewe alieleza katika gazeti, mwaka 1933, kwamba neno hilo hakulibuni yeye. Alikuwa amefikiria jina linalotokana na neno la Kilatini la kazi, lakini akaliona ni la kivitabu mno. Akamwendea nduguye Josef, aliyekuwa mchoraji, akamkuta anapaka rangi huku ameubana mswaki wa kuchorea kwa meno. Josef akamjibu kwa kunung'unika kwamba basi na awaite roboti.

Jibu hilo lililotolewa kwa kupuuza lilikuwa na historia ndefu nyuma yake. Robota katika Kicheki ni kazi ya lazima ambayo mkulima aliwajibika kumfanyia bwana wa ardhi bila malipo. Kazi hiyo iliondolewa katika milki ya Austria, ambayo Wacheki walikuwa raia wake, mwaka 1848. Waliohudhuria maonyesho ya mwaka 1921 walikuwa wajukuu na vitukuu vya watu walioishi chini ya robota. Jina la mwenye kiwanda pia, Rossum, linakaribiana kwa sauti na neno la Kicheki la akili. Kwa hiyo mtazamaji wa Prague, kwa kusikia majina mawili tu, alikwisha kuielewa dhamira ya tamthilia: akili imejitengenezea mtumwa.

Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya kazi ya mtaalamu wa istilahi na kazi ya mtunzi. Mtaalamu huunda neno kwa ajili ya kitu kilichokwisha kufika bandarini. Tarakilishi, neno ambalo huelezwa kuwa limetokana na tarakimu na akili, liliundwa wakati mashine yenyewe imekwisha kufunguliwa kutoka sandukuni, na tangu hapo linashindana na kompyuta, shule zikilishika hili na ofisi zikilishika lile. Mtunzi huunda neno kwa kitu ambacho hakijafika, na ambacho huenda kisifike kamwe. Hana mashine ya kuielekezea kidole. Analo neno peke yake, na neno hilo lisipokuwa na mizizi katika mambo yaliyowapata watu, halitasimama.

Kiswahili nacho kina neno lililozaliwa kwa uchungu kama huo, ingawa halikubuniwa na mtunzi yeyote. Vibarua waliopelekwa katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba aliyopewa. Mtu akageuka tarakimu, na tarakimu ikageuka jina la mtu. Kwa kazi yenyewe ya kulazimishwa lipo neno shokoa. Mwaka 1919, mwaka mmoja kabla ya tamthilia ya Čapek kuchapishwa, serikali ya Gavana Edward Northey nchini Kenya ilitoa waraka uliowataka maofisa wake wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na uhimizaji huo ukaleta malalamiko hata Uingereza kwa jinsi ulivyofanana na kulazimisha. Mfasiri wa R.U.R. hana haja ya kwenda mbali kumtafutia msomaji wake mfano wa robota.

KILICHOPOTEA NJIANI

Neno robot lilipoingia katika Kiingereza kwa tafsiri ya Paul Selver, na kwa maonyesho ya New York mwaka 1922 na London mwaka 1923, lilipoteza mambo mawili. La kwanza limesemwa mara nyingi: mzizi wake ulikatika. Msikilizaji wa Kiingereza hakuisikia kazi ya kulazimishwa ndani ya neno. Alisikia sauti ngumu tu, na sauti hiyo ikamwelekeza kwenye chuma. Isaac Asimov alipolitumia neno robotics mwaka 1941, akidhani kwamba tayari lilikuwapo, alilijengea juu ya maana ya mashine. Tangu hapo roboti akawa suala la wahandisi.

Jambo la pili halijazungumzwa vya kutosha. Katika Kicheki, nomino za jinsia ya kiume hugawanyika kati ya zile za wenye uhai na zile za vitu. Mgawanyo huo huonekana katika wingi. Wingi wa robot kwa kumtaja mwenye uhai ni roboti. Kwa kukitaja kitu, kama vile mashine ya jikoni, ni roboty. Čapek aliwaita Roboti. Maana yake ni kwamba sarufi ya tamthilia iliwahesabu wafanyakazi hao miongoni mwa wenye uhai tangu ukurasa wa kwanza, wakati wahusika wenye kiwanda walikuwa wakisisitiza kwamba hawana roho na hawahisi lolote. Mabwana wanakanusha kwa hoja jambo ambalo ndimi zao zinalikiri kwa kiishio. Kiingereza hakina wingi wa namna hiyo, na kwa hiyo kinaya hiki hakikuvuka.

NGELI KAMA HUKUMU

Ni bahati njema kwamba umbo lililoingia katika Kiswahili, roboti, linafanana na lile la Kicheki la wenye uhai. Kufanana huko ni kwa sauti tu. Hata hivyo Kiswahili kina chombo chenye nguvu kuliko kiishio cha Kicheki, nacho ni upatanisho wa kisarufi. Haiwezekani kutunga sentensi kuhusu roboti bila kuamua. Wasomaji wa magazeti wamekwisha kukutana na "roboti hiyo" na "roboti huyo," na pengine yote mawili katika habari moja. Kwa mwandishi wa habari hilo ni kosa dogo la kusahihishwa. Kwa mtunzi ni utajiri.

Zipo njia tatu. Akisema "roboti imeketi, inaandika barua," mtunzi ameiweka pamoja na meza na kalamu. Akisema "roboti ameketi, anaandika barua," amemtia katika jamii ya wenye uhai, ambamo binadamu hukaa pamoja na simba, mbu na samaki. Ifahamike kwamba mpaka wa ngeli hiyo hauwekwi na elimu ya viumbe. Mti una uhai lakini "umeanguka," haukuanguka kwa upatanisho wa mtu. Kinachotazamwa ni kiumbe kujiendea na kuonekana kuwa na nia yake. Njia ya tatu ni kusema "roboti limeketi, linaandika barua." Njia hii ni ya zamani kuliko sayansi yote ya mitambo. Methali husema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Zimwi linajua, linakumbuka, linachagua wa kumla na wa kumsaza, na bado lugha haikulipa upatanisho wa mtu. Wasimulizi wa ngano walikwisha kuwa na ngeli ya kiumbe chenye akili kisichokubaliwa kuwa mwenzetu, karne nyingi kabla ya kiwanda cha Rossum.

Yamkini atatokea msomaji atakayedai kwamba haya ni mambo ya sarufi tu, na kwamba ngeli haina mbele wala nyuma katika suala la utu. Jibu linapatikana katika historia ya utumwa. Katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, binadamu aliuzwa kama bidhaa nyingine. Lakini lugha ya wauzaji na ya wanunuzi haikuweza kusema "mtumwa imenunuliwa." Alinunuliwa. Hata majina yaliyokusudiwa kumpunguza, kama vile kitwana na kijakazi, yalivaa kiambishi cha vitu vidogo huku upatanisho ukibaki wa watu: kijakazi alikuja, kijakazi aliondoka. Sarufi haikumkomboa yeyote, na si busara kuisifu kwa jambo isilolifanya. Ilichofanya ni kuweka ushahidi. Kila sentensi ya mwenye mali ilishuhudia kwamba mali hiyo ni mtu.

Sasa na itazamwe sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Čapek. Helena Glory, msichana aliyefika kisiwani kwa niaba ya jumuiya inayotaka kuwatetea roboti, anakutana na Sulla, karani wa mkurugenzi. Domin, mkurugenzi mwenyewe, anamwambia kwamba Sulla ni roboti. Helena hakubali, na Domin yuko tayari Sulla apasuliwe ili athibitishe maneno yake. Muda mfupi baadaye Helena anawakuta wakuu wa kiwanda, anadhani kwamba hao ndio roboti, na anaanza kuwahurumia. Katika Kiingereza kichekesho hiki hutegemea mkanganyiko wa sura. Katika Kiswahili kingeweza kutegemea upatanisho. Domin angesema "inaandika lugha nne," na Helena angejibu "anaandika." Msikilizaji angesikia mgogoro wote wa tamthilia katika irabu za mwanzo wa kitenzi, bila mhusika yeyote kutoa hotuba. Mfasiri angeweza kuendelea hivyo hadi mwisho: watumishi wa nyumbani wanaowaogopa roboti wangetumia "lina-," wahandisi "ina-," na Helena peke yake "ana-." Huko kuchanganya ngeli, ambako katika insha ya mwanafunzi kungepigwa mstari mwekundu, kungekuwa ndiyo njia ya kumtambulisha kila mhusika na imani yake.

NAFSI YA KWANZA

Lipo jambo moja zaidi ambalo mfumo wa Kiswahili unalifunua. Ngeli huonekana katika nafsi ya tatu tu. Anayesemwa ana ngeli, anayesema hana. Zimwi likifungua kinywa husema "nitakula," kwa kiambishi kile kile anachotumia mtoto anayeliogopa. Meza ikipewa sauti katika ngano itasema "nimechoka," wala haitasema "imechoka." Kwa maneno mengine, hukumu inayotolewa na ngeli ni hukumu ya wengine, na humalizika mara mhukumiwa anapojisemea.

Katika R.U.R. mwenye kuivunja hukumu hiyo ni Radius, roboti anayekataa kupokea amri na kutangaza kwamba anataka yeye mwenyewe awe bwana wa watu. Kutoka hapo uasi unaenea dunia nzima, na mwisho anabaki binadamu mmoja, Alquist, mjenzi aliyeendelea kufanya kazi kwa mikono yake. Katika sehemu ya mwisho Alquist anataka kumpasua mmoja wa roboti wawili vijana, Primus na mwenzake aliyepewa jina la Helena, na kila mmoja wao anajitoa afe badala ya mwingine. Alquist anawaachia waende zao kama Adamu na Hawa wapya. Mfasiri aliyezishika ngeli kwa uangalifu tangu mwanzo angekuwa amejiwekea akiba kwa ajili ya tukio hili. Mzee ambaye muda wote alisema "zina-" angesema, kwa mara ya kwanza, "wanakwenda." Hakuna maelezo ya jukwaani yanayoweza kufanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuonyesha kwamba neno la kubuni linaweza kuifuata njia hiyo hiyo. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa katika miaka ya 1980, alitoa riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Dzombo, baada ya kuhukumiwa kifo anarushwa angani ndani ya chombo, na badala ya kufa anafikia nchi ya usawa iitwayo Walenisi. Jina hilo halikuazimwa Ugiriki wala halikutokana na sauti tupu. Ni sentensi kamili ya Kiswahili iliyoandikwa bila nafasi: wale ni sisi. Ni jina la mahali, lakini sikio linaipokea silabi yake ya kwanza kama kiambishi cha watu, na kwa hiyo nchi inatambulishwa kwa wakazi wake kabla haijatambulishwa kwa ardhi yake. Zaidi ya hayo, jina linaanza katika nafsi ya tatu na kuishia katika nafsi ya kwanza. Aliyekuwa akinyoshewa kidole anageuka kuwa msemaji.

Inaweza kulalamikiwa kwamba jina hilo linasema mapema mno. Msomaji mwepesi huligawa mara moja, na akisha kuligawa anajua riwaya inaelekea wapi kabla Dzombo hajafika. Lalamiko hili lina haki yake, kwani Čapek alilificha fundisho lake katika historia ya neno wakati Mkangi aliliandika juu ya mlango. Lakini tofauti hiyo inatokana na wasomaji waliokusudiwa. Mkangi hakumtaka msomaji ashangae, alimtaka ajitambue. Herbert alihitaji msomaji asiyejua Kiarabu, ilhali Walenisi haiwezi kusomwa vyema na asiyejua Kiswahili. Huko ndiko kuandika kwa ajili ya watu wa nyumbani.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba maneno ya kubuni hutoka katika lugha yenyewe, katika sauti tupu, au katika vinywa vya watu wengine, na kwamba kila chimbuko lina msimamo wake kuhusu nani anahesabiwa kuwa msomaji na nani anahesabiwa kuwa mgeni. Imeonekana pia kwamba roboti, neno lililoanza kama jina la kazi ya dhuluma, liligeuzwa kuwa jina la chuma kwa sababu lugha iliyolipokea haikuwa na mahali pa kuuweka uhai wake.

Kiswahili kinapo mahali hapo. Mashine zinazojibu maswali na kutunga barua zimekwisha kutoka vitabuni na kuingia maofisini, na kila siku mwandishi fulani anaamua, pengine bila kufikiri, kama ataandika "imesema" au "amesema." Wanaotunga riwaya na tamthilia za kisayansi kwa Kiswahili hawana sababu ya kusubiri maneno yao yaletwe kutoka ng'ambo yakiwa yamekwisha kupewa maana. Wanayo mizizi ya kutosha katika historia ya shokoa na manamba, na wanayo sarufi ambayo haimruhusu mtu kutaja kiumbe kipya bila kusema anamwonaje.